SOMO LA ROBO HII: Makopo ya Asidi Amino na Ugonjwa wa Sonona





Katika somo la toleo hili tunajibu swali lililotufikia kutoka pande mbili. Baadhi ya kamati zilizo kando ya barabara kuu, kuanzia Tunduma hadi Vwawa, zimeuliza kama mfuko wa huruma wa parokia unaweza kulipia virutubisho vya asidi amino kwa ajili ya waumini wanaougua sonona. Wakati huohuo rafiki yetu mmoja wa ng'ambo ametuandikia akiomba ruhusa ya kututumia katoni za vidonge vya aina hiyo. Maombi yote mawili yametoka katika mapenzi mema. Kwa hiyo yanastahili jibu lenye sababu zake, ambalo kila kamati inaweza kulipima.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma na kujadili somo hili, mwanakamati aweze:

1. Kueleza asidi amino ni nini na zinahusiana vipi na kazi ya ubongo.
2. Kueleza kwa maneno mepesi utafiti umeonyesha nini kuhusu virutubisho hivyo na sonona.
3. Kutoa ushauri wa matumizi ya fedha za mfuko wa huruma kwa mgonjwa wa sonona.
4. Kutambua dalili za hatari zinazohitaji msaada wa haraka.

Sonona ni nini?

Kila mtu huhuzunika. Anayefiwa hulia, na mkulima ambaye mahindi yake yamekauka shambani hukosa usingizi. Sonona ni zaidi ya hapo. Tunazungumzia ugonjwa pale mtu anapokuwa na huzuni au kukosa hamu ya mambo yote aliyoyapenda, karibu siku nzima, kwa muda wa majuma mawili au zaidi, na hali hiyo ikaambatana na mambo mengine: usingizi kupotea au kuzidi, chakula kutopita, uchovu usioisha, kushindwa kukazia mawazo jambo lolote, kujiona hafai, na mara nyingine kutamani kufa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Kwetu wengi hawafiki kwa mganga wakisema wana huzuni. Husema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, mwili unawaka moto, au mawazo yamezidi. Wengine husemwa na majirani kwamba ni wavivu, wamerogwa, au imani yao imepoa. Kamati ya parokia ikijua dalili hizi, tayari imemwondolea mgonjwa nusu ya mzigo wa aibu.

Asidi amino ni nini?

Tukiifananisha protini na ukuta wa nyumba, asidi amino ni matofali yake. Tunapokula maharage, dagaa, karanga, mayai au nyama, tumbo huubomoa ukuta huo tofali kwa tofali, kisha mwili hujenga kuta zake wenyewe: misuli, damu, ngozi, na kinga dhidi ya magonjwa. Mwili hutumia aina 20 hivi za matofali hayo. Aina 9 kati yake hauwezi kuzitengeneza, lazima zitoke katika chakula.

Mbili zinahusika zaidi na somo letu. Ya kwanza ni triptofani. Kutokana nayo ubongo hutengeneza serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya chembe moja ya ubongo na nyingine, na yenye sehemu katika usingizi, hamu ya kula na hali ya moyo. Ya pili ni tairosini, ambayo kwayo mwili hutengeneza kemikali nyingine za ujumbe, zikiwamo dopamini na noradrenalini.

Hapo ndipo wauzaji wa makopo wanapoanzia. Wanasema: sonona ni upungufu wa serotonini, serotonini hutoka katika triptofani, basi nunua triptofani. Maneno yanapangika vizuri, na ndiyo maana yanawavuta watu wenye akili zao. Hebu tuyapime hatua kwa hatua.

Mlango wa ubongo na foleni ya malori

Wakazi wa Tunduma wataelewa hatua hii kuliko wasomaji wetu wengine. Malori yanayokwenda Nakonde upande wa Zambia hubeba mizigo mbalimbali: mafuta, saruji, mbolea, magari. Lakini yote hupita mpaka uleule. Lori moja la dawa likiwa katikati ya malori hamsini ya mizigo mingine, halipiti upesi kwa sababu tu mzigo wake unahitajika zaidi. Linakaa kwenye foleni kama mengine.

Ndivyo ilivyo kwa triptofani. Ili iingie katika ubongo inapita mlango mmoja pamoja na asidi amino nyingine kubwa, nayo kwa kawaida ndiyo chache kuliko zote. Mtu akila nyama nyingi au akinywa unga wa protini, triptofani katika damu yake huongezeka, lakini zile nyingine huongezeka zaidi, na foleni inakuwa ndefu kuliko ilivyokuwa. Hivyo unga wa makopo wenye asidi amino mchanganyiko, wenye picha ya kijana mwenye misuli, hauna njia ya wazi ya kuongeza serotonini ya ubongo. Katika tafiti za sonona, watafiti walitumia vidonge vya triptofani peke yake, mara nyingi gramu kadhaa kwa siku, kiasi ambacho ni mara nyingi zaidi ya kile tunachopata mezani.

Kuhusu madai kwamba sonona ni upungufu wa serotonini, nayo yana matatizo. Watafiti wamewahi kuwapa watu kinywaji kilichotengenezwa ili kupunguza triptofani mwilini kwa saa kadhaa. Wengi wa watu wazima wenye afya hawakuingia katika sonona. Walioathirika zaidi ni wale waliowahi kuugua sonona na kupata nafuu kwa dawa. Baadhi yao dalili ziliwarudia kwa muda. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha UCL cha London walipitia tafiti za miaka mingi wakasema hawakuona ushahidi thabiti kwamba upungufu wa serotonini ndio chanzo cha sonona. Wataalamu wengine walipinga sehemu ya hitimisho hilo, na mjadala unaendelea. Lakini pande zote zinakubaliana kwamba sonona ina vyanzo vingi: urithi, misiba, umaskini, ukatili nyumbani, ulevi, uzazi, na magonjwa ya mwili. Ugonjwa wenye milango mingi hivyo hauwezi kufungwa kwa ufunguo mmoja.

Utafiti umeonyesha nini?

Wazo hili si geni. Mwaka 1963 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba triptofani ikiongezwa kwa wagonjwa waliokuwa wakitumia aina fulani ya dawa za sonona, dawa hizo zilifanya kazi vizuri zaidi. Tafiti nyingi zikafuata katika nchi mbalimbali.

Mwaka 2002 wataalamu wa mtandao wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya tafiti na kuzipima ubora, walitoa matokeo ya mapitio yao kuhusu triptofani. Walikuta tafiti 108. Walipozichuja, zilizofikia kiwango cha kuaminika zilikuwa 2 tu, zikiwa na wagonjwa 64 kwa jumla. Katika hizo mbili, waliotumia triptofani walipata nafuu zaidi ya waliopewa kidonge kitupu. Lakini wataalamu hao wenyewe walisema kwamba ushahidi huo ni mdogo mno kuwashauri watu watumie, hasa kwa kuwa zipo dawa zilizothibitishwa.

Kwa tairosini habari ni fupi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ukiwa na wagonjwa 65 haukuonyesha kwamba inatibu sonona. Vipo pia vitu vingine vyenye undugu na asidi amino vinavyoendelea kuchunguzwa, na baadhi vina matokeo ya kutia moyo, lakini hakuna ambacho kimechukua nafasi ya matibabu ya kawaida.

Tuseme basi kwa uadilifu: hatuwezi kusema kwamba triptofani haina kazi yoyote. Tunachoweza kusema ni kwamba baada ya zaidi ya miaka 60 bado haijathibitishwa kiasi cha kutumia fedha za maskini.

Chakula kinapokosekana kweli: habari ya mahindi yetu

Wanakamati wengine watauliza: je, chakula hakina uhusiano wowote na akili? Kinao, na sisi wa Songwe tunapaswa kuujua kuliko wengi, maana tunaishi kwa mahindi.

Mahindi ni chakula chema, lakini protini yake ina upungufu wa aina mbili za asidi amino: laisini na hiyohiyo triptofani. Tena vitamini iitwayo niasini, yaani vitamini B3, imo ndani ya mahindi lakini imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati kwa urahisi. Mwili unaweza kutengeneza niasini kidogo kutokana na triptofani, lakini kama triptofani nayo ni haba, mtu anaishiwa zote mbili. Matokeo yake ni ugonjwa wa pelagra: ngozi huwa nyeusi na kubabuka mahali panapopigwa na jua, hasa shingoni na mikononi, tumbo huharisha, na akili huchafuka. Mara nyingi huzuni, hasira na kukosa usingizi hutangulia dalili nyingine.

Kwa majirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe unaopakana na Ileje, jambo hili lilitokea kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1990, kati ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wakiishi nchini humo kwa mgao wa mahindi, zaidi ya watu 18,000 walipata pelagra. Mgao wa karanga, uliokuwa ukiwapa niasini, ulikuwa umepungua. Karanga tu. Haya ni mafunzo mazito kwa kila anayepanga misaada ya chakula, sisi tukiwamo.

Mgonjwa wa pelagra hatibiwi kwa kopo la unga wa protini. Anatibiwa hospitalini kwa vidonge vya niasini na chakula mchanganyiko, na kwa kawaida hupata nafuu upesi. Kwa hiyo mkimwona mtu mwenye huzuni na kuchanganyikiwa, ambaye pia ana ngozi iliyobabuka shingoni na anaharisha, mpelekeni kituo cha afya bila kuchelewa. Ni muhimu zaidi kwa mlevi wa muda mrefu, mzee anayeishi peke yake, au mtu anayekula ugali na mboga za majani tu.

Watoto wetu nao wanatukumbusha. Utafiti wa kitaifa wa lishe wa mwaka 2018 uliiweka Songwe miongoni mwa mikoa iliyokuwa na udumavu mkubwa, zaidi ya watoto 40 katika kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano. Huu ni mkoa unaovuna mahindi, maharage, mpunga na kahawa, na wenye samaki wa Ziwa Rukwa. Chakula kipo, tatizo liko katika kile kinachobaki sahanini baada ya magunia kupandishwa kwenye lori.

Tupige hesabu kidogo. Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 anahitaji triptofani ya miligramu 240 hivi kwa siku. Gramu 100 za maharage makavu zina karibu kiasi hicho, na karanga vivyo hivyo. Yaani makande ya mahindi na maharage, au ugali wa dona kwa maharage na mboga iliyoungwa kwa karanga, vinatosheleza haja ya mwili bila kopo lolote. Dona ni bora kuliko sembe kwa sababu kiini cha punje, chenye protini iliyo bora zaidi, hakitupwi kwenye pumba. Wakulima wanaweza pia kuwauliza maafisa ugani kuhusu mahindi yenye protini bora. Mwaka 2001 zilitolewa hapa Tanzania mbegu za Lishe K1, Lishe H1 na Lishe H2, zenye laisini na triptofani nyingi kuliko mahindi ya kawaida. Waulizeni kama zinapatikana na zinafaa ardhi yenu.

Upo pia utafiti wa hapa nchini unaostahili kutajwa. Kuanzia mwaka 1995, jijini Dar es Salaam, wanawake wajawazito 1,078 wenye virusi vya UKIMWI waligawanywa katika makundi. Wengine walipewa vitamini za kundi B pamoja na C na E, wengine hawakupewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopata vitamini hizo walikuwa na dalili za sonona kwa uchache zaidi, tofauti ya kama moja ya tano. Somo lake ni hili: pale ambapo mwili umepungukiwa kweli, kama kwa mama mjamzito anayepambana na ugonjwa, lishe huusaidia moyo pia. Lakini hizo zilikuwa vitamini, zilitolewa kliniki chini ya uangalizi, na hazikuwa badala ya matibabu.

Hatari za makopo

Wako wanaosema: kama hayasaidii, basi hayadhuru. Hapana. Zipo hatari nne.

Kwanza, usafi wa bidhaa. Mwaka 1989 huko Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua maumivu makali ya misuli baada ya kumeza vidonge vya triptofani, na makumi kati yao wakafa. Uchunguzi ulielekea kwenye bidhaa ya mtengenezaji mmoja wa Japani. Marekani ilizuia uuzaji wake kwa miaka mingi. Ikiwa nchi yenye maabara nyingi ilipatwa na hayo, tufikirie kopo lililovuka mpaka ndani ya begi, lebo yake ikiwa katika lugha asiyoisoma muuzaji wala mnunuzi.

Pili, kuchanganya na dawa. Mgonjwa anayetumia dawa ya sonona kama fluoksetini, akiongeza triptofani bila daktari kujua, anaweza kupata serotonini iliyozidi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio, homa, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa. Hali hii inaweza kuua.

Tatu, wenye magonjwa ya figo au ini, na akina mama wajawazito, hawapaswi kutumia unga wa protini wala asidi amino bila ushauri wa daktari.

Nne, na hii ndiyo tunayoiona zaidi, ni kupotea kwa muda na fedha. Katika kata moja ya mkoa wetu, mama kijana aliyejifungua mtoto wa pili alikosa usingizi, akaacha kula, akasema mtoto angekuwa heri bila yeye. Mume wake, utingo wa lori, aliuza magunia mawili ya mahindi akanunua makopo aliyoambiwa kwamba yanajenga mishipa ya fahamu. Ilipita miezi mitatu. Familia ilikuwa ikimtibu kwa upendo wote, na kumbe magunia yale yalikuwa ndiyo chakula chake. Alipofikishwa kituo cha afya na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, alitambuliwa kuwa na sonona baada ya kujifungua na upungufu wa damu. Alianzishiwa matibabu, na wanawake wa jumuiya yake wakapanga zamu ya kumtembelea. Leo analima. Ametuambia tulieleze jambo hili, ila tusimtaje.

Kilichothibitika kusaidia

Hapa tuna habari njema, tena ya jirani. Mwaka 2002 katika wilaya za Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, watafiti wakishirikiana na shirika la Kikristo la World Vision walifanya utafiti katika vijiji 30. Kwanza waliwauliza wenyeji wanaiitaje hali hii kwa Kiganda. Wakapewa majina mawili, moja lenye maana ya kujichukia na jingine kujihurumia. Kisha wenyeji wa kawaida, ambao hawakuwa madaktari, walifundishwa kwa majuma mawili namna ya kuongoza vikundi vya mazungumzo. Wanaume walikuwa na vikundi vyao na wanawake vyao. Walikutana mara moja kwa juma, saa moja na nusu kila mara, kwa majuma 16. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi nyumbani, mabadiliko ya maisha na upweke, na kila mmoja akasaidiwa kutafuta hatua moja anayoweza kuichukua.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyopata vikundi, waliokuwa na sonona walishuka kutoka 86 katika kila 100 hadi karibu 7. Katika vijiji ambavyo havikupata, walishuka kutoka 94 hadi 55. Yaani wengine hupona kadiri muda unavyopita, lakini waliokaa pamoja na kusikilizana walipona kwa wingi zaidi sana. Hakukuwa na kopo. Kulikuwa na watu, kivuli, mafunzo mazuri na uaminifu wa kufika kila juma.

Pamoja na hayo zipo dawa. Fluoksetini na amitriptilini zimekuwa zikitumika Tanzania kwa miaka mingi. Huandikwa na mganga, huchukua majuma kadhaa kabla ya nafuu kuonekana, na hazipaswi kuachwa ghafla kwa sababu mgonjwa amejisikia vizuri. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu na kutozidharau dawa, kwa kuwa zote mbili ni kazi ya Mungu. Anayemeza dawa hajapungukiwa na imani.

Ushauri wetu kwa kamati

1. Mfuko wa huruma usinunue virutubisho vya asidi amino kwa ajili ya sonona. Linganisheni bei ya kopo moja katika duka la kwenu na bei ya debe la maharage, kisha amueni wenyewe.
2. Mfuko ulipie nauli ya mgonjwa na msindikizaji wake hadi kituo cha afya au hospitali, gharama za kumwona mganga, na dawa zilizoandikwa. Wenye hali ngumu waelekezwe hospitali ya mkoa, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya.
3. Mgonjwa apimwe pia magonjwa mengine yanayofanana na sonona au kuikuza: upungufu wa damu, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, na matatizo ya tezi.
4. Familia isiyo na chakula ipewe maharage, karanga, dagaa na mafuta, kwa muda unaojulikana.
5. Kila jumuiya ndogo ndogo ichague watu wawili, mwanamke na mwanamume, wenye kutunza siri, wapate mafunzo ya kusikiliza.
6. Mtu akisema anataka kufa, asiachwe peke yake hata kwa saa moja. Ondoeni nyumbani dawa za kuulia wadudu wa shambani na kamba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Kumwuliza kwa upole kama ana mawazo hayo hakumpandikizii wazo; humfungulia mlango wa kusema.

Kwa wafadhili wetu

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tunaomba katoni za vidonge zisitumwe. Kuingiza bidhaa kama hizo kunahitaji vibali vya mamlaka za nchi, hukaa forodhani, na zikifika zinawafundisha watu wetu kwamba tiba ya huzuni inatoka mbali, ndani ya kopo. Fedha hizohizo zikitumika kuwafundisha waongozaji wa vikundi, kuwawezesha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kufika vijiji vya Momba na Ileje, na kuanzisha mashamba ya mbegu za maharage kwa vikundi vya akina mama, zitabaki hapa hata sisi tukiondoka. Tutawaletea taarifa ya matumizi kama kawaida yetu.

Tafakari: 1 Wafalme 19

Nabii Eliya, baada ya ushindi mkubwa, alikimbia jangwani, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Tazameni mpangilio wa msaada alioupata. Malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena. Chakula kilikuja kwanza. Lakini hakikuwa mwisho: Eliya alitembea siku arobaini, akafika mlimani, akaulizwa anafanya nini pale, akasema yote yaliyokuwa moyoni, akasikilizwa. Kisha akapewa kazi ya kufanya na mwenzake, Elisha, ili asiendelee peke yake. Mkate, usingizi, kusikilizwa, kazi, na mwenzi wa safari. Kamati inayovitoa vitano hivyo, na kumwachia mganga sehemu yake, inafanya kazi ya malaika.

Maswali ya majadiliano

1. Katika kigango chetu watu huiitaje hali ya sonona kwa Kinyamwanga, Kinyiha au Kindali? Majina hayo yanamheshimu mgonjwa au yanamwaibisha?
2. Ni chakula gani chenye protini tunachokivuna na kukiuza chote, bila kubakiza cha nyumbani?
3. Wake wa madereva na utingo, vijana wanaobadilisha fedha mpakani, na mama lishe wanaokesha barabarani: ni nani kati yao ambaye hajatembelewa na jumuiya mwaka huu?
4. Mfuko wetu wa huruma ulitumikaje mwaka uliopita kwa wagonjwa wa akili? Tubadilishe nini?

Kamati zinaombwa kujadili somo hili kabla ya robo ijayo na kutuma majibu ya swali la 4 kupitia kwa katibu wa parokia. Mungu awabariki.